Akili Unde Kwenye Faili ya Ajali: Mwongozo kwa Ofisi Ndogo ya Wakili

Mama alisema ilikuwa saa moja.

Ni mteja wangu, huuza viazi karai kando ya barabara ya Mombasa kwenda Malindi, upande wa Bamburi. Siku hiyo alikuwa anafunga meza yake wakati matatu isiyowasha taa ilipoacha lami ikamfuata pale aliposimama. Ofisini tulimrekodi kwa simu, kisha tukaipa programu ya akili unde sauti yake iiandike na kuitafsiri, kwa kuwa hati zetu za korti huandikwa kwa Kiingereza. Tafsiri ilirudi haraka, imenyooka, haina hata kosa la herufi. Ila saa moja ya mama ilikuwa imegeuka saa saba mchana. Mashine iliona neno "moja" ikaandika tarakimu 1, halafu ikakisia kuwa ni mchana.

Karani alichapa, mama akatia dole gumba, nami nikawasilisha. Siku ya kusikizwa, wakili wa mdaiwa alimwuliza swali moja tu: dereva angewasha taa za nini saa saba mchana? Mama alinitazama. Hakuelewa kwa nini anafanywa mwongo kwa neno ambalo hakulitamka. Kitabu cha matukio cha polisi (OB) kilikuwa na saa sahihi, na hakimu alituruhusu tueleze, lakini mama yule alishuka kizimbani anatetemeka, na mguu wenyewe bado anaukokota.

Kosa lile ni langu. Sikumsomea maelezo yake kabla hajatia dole.

Sijaacha kutumia akili unde. Naitumia kila siku, kwa sababu inaniondolea kazi ya kupanga karatasi ambayo zamani ilinikalisha ofisini hadi usiku, na mteja aliyevunjika mguu hana muda wa kungoja wakili apange karatasi. Nilichobadilisha ni utaratibu, na huo ndio ninaouandika hapa kwa mawakili na makarani wa kesi za ajali nchini Kenya, hasa wa ofisi ndogo kama yetu. Msomaji wa Tanzania au Uganda atabadilisha majina ya sheria, kazi ni ile ile. Kanuni yangu ni moja: mashine naipa karatasi nilizo nazo izipange, siiombi kitu nisicho nacho.

Hatua ya 1: Ruhusa kabla ya kupakia chochote

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, na data nyeti haipelekwi nje ya Kenya bila idhini ya mwenyewe na kinga zinazotosha. Nyingi ya programu hizi zina kompyuta zake Marekani au Ulaya. Ukipiga picha ripoti ya daktari ukaipakia kwenye akaunti ya bure, tayari umeisafirisha.

Kwa hiyo karatasi tunazotia sahihi na mteja siku ya kwanza zina ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi: tutatumia programu ya kompyuta kusoma na kupanga karatasi zako, hizi ndizo tutakazoipa, hizi hatutaipa, na una haki ya kukataa na kesi yako itaendelea vile vile. Usimpe karatasi hiyo katikati ya rundo la nyingine akatia sahihi mbio mbio. Msomee. Wapo waliokataa, nasi tukafanya faili zao kwa mkono.

Chagua akaunti ya kulipia ambayo masharti yake yanasema wazi kwamba unachopakia hakitumiwi kuifunza programu. Masharti hayo yasome wewe mwenyewe, usitegemee maneno ya muuzaji. Kisha, kabla ya kupakia, toa jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na nambari ya mgonjwa. Kwetu mteja huwa "Mdai" na dereva huwa "Mdaiwa wa 1", na karatasi inayoonyesha nani ni nani hubaki kabatini.

Kuna ukurasa mmoja ambao watu huusahau. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji mara nyingi faili yake ya hospitali ina majibu ya kipimo cha virusi vya UKIMWI, yameandikwa pembeni kwa vifupisho. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2006 inailinda siri hiyo kwa ukali. Jibu hilo halihusiani kabisa na mfupa uliovunjwa na gari. Pitia kurasa zote kwa macho yako, uondoe ukurasa huo kabla faili haijaenda popote.

Hatua ya 2: Maelezo ya mteja

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo kesi nyingi huharibika bila mtu kujua.

Usiiambie programu iandike na kutafsiri kwa mkupuo mmoja. Fanya mara mbili. Kwanza iandike Kiswahili kama kilivyosemwa. Uisome ukisikiliza sauti, urekebishe. Ndipo uitake itafsiri maandishi yaliyokwisha kurekebishwa. Ukiunganisha kazi mbili hizi, kosa la kusikia hujificha ndani ya tafsiri nzuri na huwezi tena kuliona.

Agizo ninalotumia kwa mara ya kwanza ni hili:

"Andika maneno ya msemaji kama alivyoyatamka. Usisahihishe lugha yake, usifupishe, usitafsiri. Usipolisikia neno vizuri, weka alama ya kuuliza na dakika ya rekodi. Usijaze pengo."

Na la tafsiri:

"Tafsiri maelezo haya. Saa zote ni za Kiswahili: za mchana huhesabiwa tangu jua linapochomoza, na za usiku tangu linapozama. Mteja asiposema ni asubuhi au ni usiku, usichague. Weka alama niulize. Kila penye neno mkono, mguu au kiuno, liache kwa Kiswahili na uweke alama."

Agizo hilo la pili lina sababu yake. Mkono wetu huanzia begani hadi ncha za vidole, na mguu huanzia nyongani hadi ukuchani. Kiingereza kinamlazimisha mtu achague, na mashine huchagua bila kumuuliza mtu. Niliwahi kupata rasimu ambayo mfupa wa paja umekuwa mfupa wa wayo. Fidia ya paja lililovunjika na ya wayo hazikaribiani hata kidogo, na bima ikiona hati ya madai inasema hivi na fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha, inasema vile, inapata sababu ya kukaa mwaka mzima bila kulipa. Kiuno ndicho kibaya zaidi: mteja anaweza kumaanisha nyonga, pingili za chini za uti wa mgongo, au misuli tu. Jibu lipo kwenye ripoti ya daktari na kwenye kidole cha mteja mwenyewe. Mwambie akuonyeshe.

Vitenzi navyo. Mtu aliyegongwa akiwa amesimama atakuambia "tuligongana na gari," kwa mazoea ya maneno tu. Ukiitafsiri hivyo ilivyo, umeandika kwamba wote wawili walikuwa wanaenda, na umempa mdaiwa nusu ya utetezi wake wa uzembe wa pande mbili. Abiria wa bodaboda atasema "nilianguka", na ukweli ni kwamba aliangushwa. Mwenye jeraha la kichwa atasema "sikujijua mpaka hospitali." Hapo anakuambia alipoteza fahamu, na muda aliokaa bila fahamu ni jambo ambalo daktari anapaswa kulijua. Mashine niliyoijaribu ilitafsiri kwamba hakujitambua yeye ni nani. Haya si makosa ya kuchekea. Ni maumivu ya mtu yanapotea njiani kati ya lugha mbili.

Mteja akieleza kwa Kigiriama au Kidigo, au akichanganya, achana na programu. Tafuta mtu anayeijua lugha hiyo.

Mwisho wa hatua hii ni kusoma kwa sauti. Chukua taarifa ya Kiingereza iliyokamilika, uirudishe kwa Kiswahili kwa kinywa chako mwenyewe, mstari baada ya mstari, mteja ameketi mbele yako. Usimpe karani kazi hiyo wakati wewe uko kortini. Mteja atakukatiza. Kila atakapokukatiza, andika.

Hatua ya 3: Kalenda ya matibabu

Hii ndiyo kazi ambayo akili unde inaifanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Mtu aliyelazwa wiki sita anakuletea mfuko wa plastiki: kadi za kliniki, karatasi za eksirei, maandishi ya wauguzi, risiti zilizofifia, abstrakti ya polisi (muhtasari wao wa ajali), fomu ya P3. Skani kila karatasi, uzipe kurasa nambari kwa mkono kabla ya kuskani, mbele na nyuma. Kisha agiza jedwali lenye safu hizi: tarehe, mahali pa matibabu, aliyemhudumia, alichokiona, alichokifanya, na nambari ya ukurasa. Safu ya mwisho ndiyo yenye uzito. Mstari usio na nambari ya ukurasa ufute, hata kama unasema jambo unalotamani liwe kweli.

Maandishi ya mkono ya madaktari huyumbisha mashine. Ikishindwa kusoma, baadhi ya programu hukisia, na neno lililokisiwa huonekana sawa na lililosomwa. Kwa hiyo naiagiza iandike "haisomeki" na niende mwenyewe kwenye ukurasa. Nisiposoma mimi, narudi hospitali kuuliza. Mkono wa kulia na wa kushoto nao ukague kila mahali unapotajwa. Nimeona P3 inasema kushoto na eksirei inasema kulia, kosa la binadamu lililoandikwa saa nane za usiku kwenye wodi iliyojaa, na mashine ikaamua yenyewe upi ni sahihi bila kunijulisha. Siku hizi naiuliza moja kwa moja: "Ni wapi karatasi hizi zinapingana? Nitajie kurasa zote mbili."

Swali la pili ninaloiuliza ni la mapengo. Mteja alitoka hospitali mwezi wa tatu, akarudi kliniki mwezi wa tisa. Wakili wa bima ataliona pengo hilo na kusema alikuwa amepona. Mteja mwenyewe atakuambia hakuwa na nauli ya kuvuka feri. Ni afadhali ulijue sasa, uliweke kwenye taarifa yake, kuliko kulisikia kwa mara ya kwanza anapohojiwa.

Sina budi kusema jambo moja hapa. Madai ya ajali ambazo hazikutokea yapo, na programu hizi zimerahisisha kutengeneza ripoti ya daktari inayofanana na ya kweli. Ripoti ukiletewa na dalali, si na mgonjwa, mpigie daktari aliyetia sahihi. Nenda kituo cha polisi uone nambari ya OB kwa macho. Kila dai la uongo linalolipwa huwafanya bima wamkazie mama wa viazi karai.

Hatua ya 4: Muda wa kushtaki

Hii usiiachie mashine hata kwa dakika moja. Kesi ya uzembe ina miaka 3 tangu ajali, chini ya kifungu cha 4(2) cha Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 22. Aliyegongwa na gari la serikali ana miezi 12 tu. Aliyeumia akiwa kazini ana njia nyingine kabisa: Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, ambayo Mahakama ya Juu iliithibitisha Desemba 2019, inaanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, haianzii kortini. Dai lisilozidi shilingi milioni 1 laweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, na huko kesi inatakiwa imalizwe ndani ya siku 60, kwa hiyo usifungue kabla mashahidi hawajawa tayari.

Programu nyingi zimesoma sheria ya Marekani kuliko yetu. Ukiiuliza muda, inaweza kukupa wa jimbo fulani la huko kwa sauti ya uhakika kabisa. Ukiiambia ikuandikie mkataba wa ada, itakuwekea theluthi ya fidia kama malipo ya wakili, jambo ambalo kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kinalikataza. Ukiona rasimu inataja baraza la wazee wa mahakama (jury) kuamua kesi yako ya ajali, ujue mashine haiko Kenya. Tarehe za mwisho ziandike ukutani kwa mkono wako.

Hatua ya 5: Kutafuta hukumu

Kisa kilichotoka kwenye ajali ndogo ya ndegeni kila wakili wa madai anapaswa kukijua. Roberto Mata alidai kwamba mwaka 2019, akisafiri na Avianca kwenda New York, kigari cha chuma cha kugawa chakula kilimgonga goti. Shirika la ndege likasema amechelewa kushtaki. Mawakili wake wakajibu kwa hukumu zilizowaunga mkono, na 6 kati ya hizo hazikuwahi kuwapo duniani. ChatGPT ndiyo iliyozitunga, na majina ya majaji na nukuu vile vile. Wakili aliyezitafuta alikuwa ameiuliza programu yenyewe kama kesi hizo ni za kweli, nayo ikamwambia ndiyo. Juni 2023 Jaji P. Kevin Castel aliwatoza faini ya dola 5,000, na dai la Mata likatupwa kwa kupitwa na muda. Goti la mtu liliumia, na kinachokumbukwa ni aibu ya mawakili wake.

Usidhani ni kosa la miaka ya mwanzo tu. Februari 2025, katika mahakama ya shirikisho ya Wyoming, kesi ya familia iliyodai kifaa cha kuchezea cha umeme kiliwaunguzia nyumba ilikuta hukumu 8 kati ya 9 zilizotajwa ni za kubuni. Hapo ilitumika programu ya ofisi yenyewe ya mawakili. Aliyeandika alitozwa dola 3,000, na wenzake wawili waliotia majina yao bila kuthibitisha dola 1,000 kila mmoja. Nchini Uingereza, Juni mwaka huo huo, Mahakama Kuu ilionya kwamba wakili anayewasilisha hukumu za kubuni anaweza kufikia hata kesi ya jinai.

Kwa hiyo ofisini kwetu hukumu hutafutwa na mtu, kwenye tovuti ya Kenya Law, ambako hukumu husomwa bure. Tunatafuta kwa jina la jeraha, tunapakua kumi au kumi na tano, na baada ya hapo ndipo akili unde inaingia. Inapewa zile tu tulizopakua, na agizo la kutotumia nyingine.

Mtego wake ni huu. Hukumu ya rufaa ya Mahakama Kuu kuhusu kiwango cha fidia ina tarakimu nyingi ndani yake: alichoomba mdai, alichopendekeza mdaiwa, alichotoa hakimu wa chini, viwango vya kesi za zamani zilizotajwa, na mwisho kabisa, alichoamua jaji. Ukisema "nipe kiwango cha fidia", mashine inaweza kuokota yoyote. Mimi hutaka safu mbili zilizotengwa, ya hakimu na ya rufaa, na karibu na kila tarakimu nambari ya aya. Kisha nafungua aya hiyo. Huchukua asubuhi nzima, ndiyo, lakini zamani ilichukua siku tatu.

Kila nukuu inayoingia kwenye hoja zetu za maandishi hupita kwa mtu wa pili. Anafungua hukumu kwenye Kenya Law, si kwenye jedwali, anasoma mwaka, alama ya mahakama, KEHC kwa Mahakama Kuu au KECA kwa Mahakama ya Rufaa, na nambari, anatafuta aya, anaweka alama ya vyema na herufi za jina lake. Anaangalia pia kama uamuzi ule ulipinduliwa baadaye. Hata kesi tunazozijua kwa moyo, kama Butt dhidi ya Khan ya mwaka 1981 juu ya lini mahakama ya rufaa inaweza kugusa fidia, tunazifungua. Mashine inaweza kukupa kesi ya kweli na kuiwekea maneno ambayo haikuyasema.

Hatua ya 6: Hesabu

Fidia maalum, yaani fedha zilizokwisha kutoka mfukoni mwa mteja, lazima itajwe kwenye hati ya madai na ithibitishwe kwa risiti, shilingi kwa shilingi. Mpe karani na mashine risiti zile zile, kila mmoja ajumlishe kivyake. Zikitofautiana, mara nyingi sababu ni moja: mteja alilipa kwa M-Pesa, akapewa na risiti ya hospitali, na malipo yale yale yakahesabiwa mara mbili. Safu ya msimbo wa M-Pesa kwenye jedwali huyafichua. Angalia pia nakala za risiti zilizochanganywa na risiti halisi.

Kwa familia iliyofiwa, andika kanuni mwenyewe, usiiache mashine ichague. Marehemu alipata shilingi 18,000 kwa mwezi, mahakama ikikubali miaka 20 ya kipato kilichopotea na theluthi mbili yake kwa wategemezi: 18,000 mara 12 ni 216,000, mara 20 ni 4,320,000, theluthi mbili ni 2,880,000. Kisha ikague kwa kikokotoo. Miaka hiyo 20 na theluthi hizo mbili ndizo zinazobishaniwa kortini, na zinatokana na umri wake, kazi yake na watoto aliowaacha. Hakuna programu iliyokaa matangani na familia ile.

Na usisahau milioni 3. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inaweka shilingi milioni 3 kuwa kikomo cha bima kwa dai la mtu mmoja. Kinachozidi hapo kinadaiwa kwa mwenye gari. Mteja aambiwe mapema.

Hatua ya 7: Picha na video

Ziache kama zilivyo. Picha ya jeraha usiing'arishe. Video ya kamera ya duka inayoonyesha gari likikimbia usiipe akili unde ikusomee nambari iliyofifia, kwa sababu programu ya kung'arisha picha haifichui kilichokuwapo. Inachora kinachofanana nacho. Utapata nambari safi kabisa ya gari la mtu mwingine. Hifadhi simu iliyopiga picha, andika nani alipiga, lini, na ilihamishwa vipi, maana cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kitayataka hayo. Umiliki wa gari utafute NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani.

Hatua ya 8: Ofa ya bima

Barua ya madai ni kazi nyepesi kwa mashine ukishaipa jedwali lililokaguliwa, basi sitakaa hapo. Ninalotaka kulisema ni la ile fomu ya bima ya kumaliza madai, ambayo sisi huiita dischaji.

Huja kwa Kiingereza kizito, na mteja huambiwa atie sahihi apate hundi. Naipa programu fomu hiyo, bila majina, na kuiambia: "Mweleze mtu asiyejua Kiingereza karatasi hii inamfanya aahidi nini, na inamzuia nini baadaye. Tumia sentensi fupi." Huwa inatoa Kiswahili kinachofaa, ingawa mara nyingi huandika "malipo kamili" mahali ambapo mteja anahitaji kusikia "hutaweza kudai tena hata senti". Hilo nalisahihisha. Kisha nafunga kompyuta na kumweleza kwa mdomo.

Bima ilipoleta ofa kwa mama wa Bamburi, nilifanya hivyo. Alisikiliza hadi mwisho, akaweka mkono juu ya goti.

"Mwanangu, na hivi vyuma vilivyo ndani ya mguu? Vikitolewa mwakani nitalipa mimi?"

Ripoti ya daktari ilitaja vyuma, haikutaja gharama ya kuvitoa. Jedwali letu la matibabu lilikuwa limebeba kila kilichoandikwa, na hili halikuandikwa. Gharama za matibabu yajayo nazo lazima zitajwe kwenye hati ya madai. Mahakama ya Rufaa ilishasema hivyo katika kesi ya Kenya Bus Services dhidi ya Gituma. Yetu ilikuwa imezitaja bila kiasi. Dischaji ikarudi kwenye bahasha bila sahihi. Nilimpeleka mama kwa daktari wa mifupa Alhamisi iliyofuata, akaandika kiasi kwa mkono wake, na barua yetu ya kuijibu bima ikaanzia hapo.